Kusawazisha milinganyo ya kemikali bila kubahatisha

"Nasoma kemia sekondari. Milinganyo mifupi naiweza, lakini moyoni najua nabahatisha: naweka 2 hapa, 3 pale, mpaka hesabu ikae. Nikifika kwenye kuungua kwa butani, C₄H₁₀ + O₂ → CO₂ + H₂O, nazunguka palepale, kwa sababu oksijeni zinatoka 13 na O₂ inakwenda mbilimbili. Siku moja nikaandika O₁₃ upande wa kushoto, ikasawazika kabisa, lakini mwalimu akapiga mkasi na kusema hakuna kitu kama hicho. Kwa nini hairuhusiwi ikiwa atomu zimelingana? Wenzangu nao wanasema kuna njia ya aljebra isiyokosea kamwe. Ni kweli? Au mimi tu sina kichwa cha kemia?"

Nianze na swali lako la mwisho, maana naona ndilo linalokuuma. Kichwa unacho. Umeona mwenyewe kwamba oksijeni zinatoka 13, ukaona kwamba O₂ haiwezi kutoa namba witiri, ukatafuta njia ya kujinasua. Huko ndiko kufikiri kikemia. Kilichokukwamisha ni kwamba hujaonyeshwa wazi ni namba zipi katika mlinganyo una ruhusa ya kuzigusa na zipi huna. Wanafunzi wengi niliowafundisha walikwama hapohapo.

Mlinganyo una namba za aina mbili. Kuna namba ndogo ya chini, iliyobandikwa kwenye alama ya elementi, kama 2 katika O₂. Kuna na namba kubwa ya mbele, kama 5 katika 5H₂O. Namba ndogo inaeleza molekuli imejengwaje. Namba ya mbele inaeleza molekuli hizo ziko ngapi. Ile ndogo imepangwa na maumbile, wewe unaipokea tu. Ile ya mbele ndiyo yako.

Atomu moja ya oksijeni ina elektroni sita kwenye ganda lake la nje, na inahitaji mbili zaidi ili itulie. Atomu mbili zikishikana na kushirikiana elektroni, kila moja inatosheka. Ndiyo maana oksijeni ya hewani hukaa kwa jozi. Kalamu yako haiwezi kuibadilisha tabia hiyo. Ukigusa namba ndogo umekiondoa kitu kilichokuwepo na kuleta kingine. H₂O ni maji. Ongeza oksijeni moja upate H₂O₂, haidrojeni peroksaidi, ambayo ikiwa kali huunguza ngozi. CO₂ unaitoa kila unapopumua. Punguza oksijeni moja upate CO, kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu inayoing'ang'ania hemoglobini ya damu kwa nguvu kuliko oksijeni yenyewe, na inaua. Tofauti yote hiyo imebebwa na namba moja ndogo.

Kwa hiyo ulipoandika O₁₃, hesabu ya atomu ililingana, ni kweli. Lakini mlinganyo ni taarifa ya jambo lililotokea, na taarifa yako ilisema butani imeungua ndani ya gesi ambayo haipo hewani. Mwalimu alikuwa sahihi, ila naelewa ilivyouma kupigwa mkasi bila maelezo.

Usidhani ni kosa la kitoto. Mwaka 1808 John Dalton, yule aliyeijenga upya nadharia ya atomu, aliandika maji kana kwamba ni haidrojeni moja na oksijeni moja. Alichukulia kwamba vitu viwili vikiungana kwa njia moja tu inayojulikana, basi huungana moja kwa moja. Kwa kuwa fomula ilikuwa na kasoro, uzito wa atomu ya oksijeni alioukokotoa ukatoka takriban nusu ya ule wa kweli. Mwaka 1811 Amedeo Avogadro alieleza kwamba chembe za gesi kama oksijeni na haidrojeni hugawanyika nusu kwa nusu zinapomenyuka, yaani ni za jozi, lakini wengi hawakumsikiliza. Mkanganyiko uliendelea hadi Stanislao Cannizzaro alipolirudisha wazo hilo mbele ya wanakemia waliokutana Karlsruhe mwaka 1860. Fomula hupatikana kwa kupima, tena kwa taabu kubwa. Kusawazisha huanza pale fomula zote zikishakuwa sahihi, na tangu hapo hazigusiki.

Kuna dhana nyingine ambayo hukuitaja lakini mara nyingi huambatana na hii: kwamba idadi ya molekuli lazima ilingane kushoto na kulia. Hapana. Katika 2H₂ + O₂ → 2H₂O zimeingia molekuli tatu, zimetoka mbili. Katika N₂ + 3H₂ → 2NH₃ zimeingia nne, zimetoka mbili. Molekuli huvunjwa na kuundwa upya, ndiyo maana ya mmenyuko. Kisichopungua wala kuongezeka ni atomu za kila elementi. Antoine Lavoisier aliiweka hoja hiyo waziwazi mwaka 1789, baada ya miaka ya kupima kwa mizani vitu kabla na baada ya mmenyuko, gesi zikiwa zimezuiliwa zisitoroke: kilichoingia na kilichotoka vilikuwa na uzito uleule.

Sasa turudi kwenye butani, polepole. Chini ya mlinganyo andika elementi zote, C, H, O, na kwa kila moja idadi ya kushoto na ya kulia. Usifanye kichwani. Kisha jiulize: ni elementi ipi ipo peke yake mahali fulani, haijaungana na nyingine? Hapa ni oksijeni, katika O₂. Hiyo iache mwisho kabisa, na sababu yake ni hii: ukiweka namba mbele ya C₄H₁₀ unabadilisha kaboni na haidrojeni kwa pamoja, ukiweka mbele ya H₂O unabadilisha haidrojeni na oksijeni. Lakini ukiweka namba mbele ya O₂ unabadilisha oksijeni peke yake, huvurugi chochote ulichokwisha kukitengeneza. Kuzungukazunguka kwako kunatokana na kuanza na oksijeni mapema: unaipanga, unakwenda kupanga haidrojeni, oksijeni inaharibika, unarudi.

Anza na kaboni. Kushoto zipo 4, kwa hiyo kulia iwe 4CO₂. Haidrojeni kushoto ni 10, na kila molekuli ya maji inachukua 2, kwa hiyo 5H₂O. Sasa hesabu oksijeni za kulia: 8 kutoka kwenye 4CO₂ na 5 kutoka kwenye 5H₂O, jumla 13. Umefika ulipokwama. Hapa andika bila woga sita na nusu:

C₄H₁₀ + 6½O₂ → 4CO₂ + 5H₂O

Atomu zimelingana na hakuna fomula iliyoguswa. Kilichobaki ni nusu, nayo inaondoka kwa kuzidisha kila namba ya mbele kwa 2:

2C₄H₁₀ + 13O₂ → 8CO₂ + 10H₂O

Kagua: kaboni 8 na 8, haidrojeni 20 na 20, oksijeni 26 kushoto, na kulia 16 na 10, yaani 26. Ukitaka kuhakikisha kwa njia ya Lavoisier, tumia uzito wa atomu: C ni 12, H ni 1, O ni 16. Butani mbili zina 116, oksijeni kumi na tatu zina 416, jumla 532. Kulia, kaboni dayoksaidi nane zina 352 na maji kumi yana 180. Jumla 532. Nakusihi uifanye hesabu hii kwa mkono wako walau mara moja, maana ukiziona zile 532 mbili zimekaa pande zote, mlinganyo huacha kuwa mchezo wa namba.

Ile nusu haina aibu. Wanaopima joto la kuungua huandika mlinganyo kwa moli moja ya butani (moli ni kipimo cha wingi wa molekuli), na hapo nusu hubaki mpaka mwisho kwa makusudi. Kwenye mitihani kwa kawaida hutakiwa namba nzima ndogo kabisa, basi unazidisha. Na ukijikuta na 4, 26, 16 na 20, atomu zimelingana lakini zote zinagawanyika kwa 2; zigawe.

Halafu tazama jambo hili, maana linaeleza kwa nini milinganyo mingine ilikuwa inakubali na huu ukagoma. Butani ni ya familia ambayo yenye kaboni n ina haidrojeni 2n + 2. Ikiungua kabisa inahitaji atomu za oksijeni 2n kwa ajili ya kaboni na n + 1 kwa ajili ya haidrojeni, jumla 3n + 1. Kaboni zikiwa 1 au 3, jumla hiyo ni 4 au 10, shufwa, inagawanyika vizuri kwa jozi. Kaboni zikiwa 2 au 4, inatoka 7 au 13, witiri. Kwa hiyo methani na propani zitakukubalia mara moja, ethani na butani zitakupitisha kwenye nusu. Ulidhani umeshindwa, kumbe ulikuwa umekutana na zile zenye nusu.

Mahali pengine panapoangusha wengi ni mabano. Chukua kalsiamu haidroksaidi na asidi ya fosforiki:

Ca(OH)₂ + H₃PO₄ → Ca₃(PO₄)₂ + H₂O

Namba iliyo nje ya mabano inazidisha kila kilichomo ndani. Ca₃(PO₄)₂ moja ina oksijeni 8, si 4 wala 6. Badala ya kuhesabu fosforasi na oksijeni mojamoja, litazame kundi PO₄ kama kitu kimoja, kwa kuwa limeingia zima na limetoka zima. Kulia yapo mawili, basi 2H₃PO₄. Kalsiamu kulia ni 3, basi 3Ca(OH)₂. Haidrojeni kushoto sasa ni 6 na 6, jumla 12, basi 6H₂O. Mwisho hesabu oksijeni zote kama ukaguzi: 6 na 8 kushoto, 8 na 6 kulia.

Njia ya kundi ina mpaka wake. Shaba ikiwekwa kwenye asidi ya naitriki iliyozimuliwa:

Cu + HNO₃ → Cu(NO₃)₂ + NO + H₂O

Hapa sehemu ya NO₃ imebaki nzima na sehemu imevunjika ikawa gesi ya NO. Ukilichukulia kundi kama kitu kimoja utapotea. Huu ndio uwanja wa ile aljebra ya wenzako. Weka herufi a, b, c, d, e mbele ya vitu vitano kwa mpangilio wake. Shaba inasema a = c. Haidrojeni inasema b = 2e. Naitrojeni inasema b = 2c + d. Oksijeni inasema 3b = 6c + d + e. Chagua c = 1, kisha tatua: d inatoka 2/3, b inatoka 8/3, e inatoka 4/3. Zidisha zote kwa 3:

3Cu + 8HNO₃ → 3Cu(NO₃)₂ + 2NO + 4H₂O

Njia nzuri, na nakushauri uijue. Lakini si kweli kwamba haikosei kamwe. Tazama pamanganeti ya potasiamu ikikutana na haidrojeni peroksaidi ndani ya asidi ya salfuriki. Milinganyo hii miwili yote imesawazika kwa atomu:

2KMnO₄ + 5H₂O₂ + 3H₂SO₄ → K₂SO₄ + 2MnSO₄ + 5O₂ + 8H₂O

2KMnO₄ + 7H₂O₂ + 3H₂SO₄ → K₂SO₄ + 2MnSO₄ + 6O₂ + 10H₂O

Hesabu mwenyewe, zote zinakubali, na unaweza kutengeneza nyingine nyingi. Aljebra haina namna ya kuchagua, kwa sababu herufi ni nyingi kuliko masharti kwa zaidi ya moja. Ule wa pili kwa kweli umechanganya mimenyuko miwili: wa kwanza, pamoja na peroksaidi mbili zinazovunjika zenyewe kuwa maji na oksijeni. Kinachochagua ni elektroni. Kila manganizi (Mn) inapokea elektroni 5, kwa hiyo mbili zinapokea 10. Kila peroksaidi inatoa 2, kwa hiyo zinahitajika 5. Elektroni zinazotolewa lazima zilingane na zinazopokewa. Hata ile ya shaba ingetoka haraka hivyo: shaba inatoa 2, naitrojeni inayogeuka NO inapokea 3, kigawe chao kidogo cha shirika ni 6, basi shaba 3 na NO 2, zinazobaki zinajipanga.

Ndiyo maana milinganyo ya ayoni, yaani chembe zenye chaji ya umeme, ina ukaguzi wa ziada. Cu + Ag⁺ → Cu²⁺ + Ag inaonekana imesawazika, atomu moja moja kila upande. Lakini chaji ya kushoto ni +1 na ya kulia ni +2, yaani elektroni moja imepotelea hewani. Sahihi ni Cu + 2Ag⁺ → Cu²⁺ + 2Ag.

Nikwambie na jambo ambalo ningependa kila anayeanza alijue mapema. Mlinganyo uliosawazika si lazima uwe wa kweli. Cu + 2HCl → CuCl₂ + H₂ umelingana bila kasoro, lakini ukitumbukiza shaba kwenye asidi hiyo hutaona mapovu ya haidrojeni, kwa sababu shaba haina nguvu ya kuisukuma haidrojeni itoke. Na shaba ileile kwenye asidi ya naitriki kali hutoa gesi ya kahawia ya NO₂, si NO, na namba zote zinabadilika: Cu + 4HNO₃ → Cu(NO₃)₂ + 2NO₂ + 2H₂O. Kusawazisha hakukuambii nini kitazaliwa. Hilo linatoka maabara, au kwa kujua tabia za vitu. Ukipewa mazao kwenye swali, shukuru na uendelee. Ukiambiwa uyatabiri mwenyewe, huo ni ujuzi mwingine unaojengwa taratibu, usijilaumu ukichelewa.

Kuhusu njia ipi utumie, maoni yangu ni haya. Kwa mingi ya milinganyo ya sekondari, kuhesabu kwa mpangilio kunatosha na ni haraka: zile zilizoungana kwanza, iliyo peke yake mwisho, nusu ikitokea izidishe. Aljebra itunze kwa ile inayogoma; ni ndefu, na kwenye mtihani inakula muda. Ukiona elementi imebadilisha chaji yake kutoka upande mmoja hadi mwingine na mlinganyo ni mrefu, nenda kwenye elektroni moja kwa moja. Kubahatisha kwako nako si dhambi kwa milinganyo mifupi, ila hakukupi cha kushika ikirefuka.

Kuna hali ambazo maandishi yangu hayatoshi. Ikiwa unasawazisha fomula ulizopewa bila shida lakini ukiambiwa "andika mlinganyo wa alumini na oksijeni" unaandika AlO, tatizo lako liko kwenye valensi, yaani uwezo wa kila atomu kuungana na nyingine, na mazoezi ya kusawazisha hayataliponya. Mwendee mwalimu na daftari lako, fanya swali moja mbele yake ukisema kwa sauti kila unachofikiri. Ataona ndani ya dakika chache mahali unapopotea. Kama ni yule aliyepiga mkasi na unamwogopa, mwombe mwalimu mwingine au mwanafunzi aliyekutangulia. Na ikiwa huwa unanakili H₂SO₃ palipoandikwa H₂SO₄, au namba ndogo za ubaoni zinakuchanganya ukikaa nyuma, pimwa macho kabla hujajihukumu. Macho yakiwa sawa na bado namba zinakurukia, waeleze wazazi na shule. Wapo watu wenye akili nzuri ambao ubongo wao hupata shida kusoma tarakimu, na kuna wataalamu wa kuwasaidia.

Kwa leo jaribu miwili, ukiandika hesabu ya atomu chini ya kila mmoja na bila kufuta ulipokosea. Wa kwanza ni wa tanuri la kuyeyushia chuma: Fe₂O₃ + CO → Fe + CO₂. Hapa oksijeni haipo peke yake popote, kwa hiyo jiulize kila CO inabeba oksijeni ngapi ikigeuka CO₂, na Fe₂O₃ inazo ngapi za kutoa. Wa pili ni hatua ya kwanza ya kutengeneza asidi ya naitriki viwandani: NH₃ + O₂ → NO + H₂O. Anza na naitrojeni, kisha haidrojeni, O₂ mwisho. Majibu ya huu wa pili ni 4, 5, 4 na 6. Ukikutana na robo njiani, hujakosea, endelea.